Gari la kale lianze na breki, si injini

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na mafundi wanaofufua magari ya kale na kuyageuza kuwa hotirodi, yaani magari ya zamani yaliyoongezewa nguvu ili yaende kasi, kazi ambayo naipenda kwa dhati.

Vijana wa California walioanzisha mtindo huu, wakishindana kwa mbio kwenye sakafu tambarare za maziwa yaliyokauka kama Muroc na El Mirage, waliipenda sana Ford ya mwaka 1932, iliyotoka kiwandani na injini ya V8 yenye nguvu farasi 65, huku breki zake zikivutwa kwa fito za chuma. Ford ilipoanza kutumia breki za mafuta katika magari yake ya mwaka 1939, wengi wao walizihamishia kwenye magari yao ya zamani, kwa kuwa walijua kwamba mwendo bila breki ni kifo. Leo naona injini zenye nguvu maradufu zikifungwa juu ya chasisi ambayo hakuna aliyeikagua.

Niliwahi kuinama chini ya gari la namna hiyo, limepigwa rangi nyekundu inayong'aa kama kioo, nikagusa chasisi kwa bisibisi, na ncha ikazama kwenye kutu iliyofunikwa kwa puti. Mwenye gari, aliyelinunua akiamini limekarabatiwa, alinyamaza kimya.

Nawasihi mafundi wakwangue kutu hadi chuma kizima kionekane, wachomelee panapostahili, wafunge breki na usukani vinavyolingana na injini mpya, ndipo waguse rangi.

Mpenzi wa magari ya kale