Saruji inazimaliza nyumba za kale za jiji

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikie wamiliki wa nyumba za kale za katikati ya Dar es Salaam, mafundi wao, na wote wanaohusika na vibali vya ukarabati. Tumezoea kupiga kelele nyumba ya zamani inapovunjwa ili kupisha ghorofa la vioo, na kelele hizo ni za haki. Lakini zipo nyumba nyingi ambazo tingatinga halijazigusa na bado zinakwisha, tena mikononi mwa watu wenye nia njema kabisa, kwa sababu ya mfuko wa saruji.

Katika mtaa mmoja wa Uhindini ipo nyumba ya ghorofa moja, duka chini na makazi juu, iliyojengwa kwa matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa chokaa. Juu ya roshani yake pamefinyangwa mwaka wa kujengwa, kama ilivyokuwa desturi ya wengi waliojenga eneo hilo. Nyumba hiyo ilipigwa lipu mpya ya saruji na kupakwa rangi ya mafuta, ikapendeza kweli. Sasa lipu imetuna kuanzia chini hadi usawa wa kiuno. Ukiigonga inalia tupu, na pale ilipobanduka imeondoka na uso wa tofali, kiasi kwamba ukipitisha kidole ukutani unabaki na unga mwekundu. Wapangaji wanasema matofali yamezeeka. Mimi nasema matofali hayana kosa.

Jiji hili liko kando ya bahari, na ukuta usio na kizuizi cha unyevu kwenye msingi hunyonya maji yenye chumvi kutoka ardhini mwaka mzima. Chokaa, kwa kuwa ni laini na ina vinyweleo, huyaachia maji hayo yatoke taratibu na kukauka. Ikichakaa, inachakaa yenyewe na kulinusuru tofali, na fundi anaibandua na kupiga nyingine. Saruji ni ngumu na haipitishi unyevu kwa urahisi, kwa hiyo maji hukwama nyuma yake, na chumvi hujikusanya kuwa chembe ndani ya tofali mpaka inalipasua. Majengo ya mawe ya matumbawe nayo hupatwa na madhara hayo hayo.

Waliojenga Boma la Kale pale Sokoine Drive mwaka 1866 na 1867, enzi za Sultani Majid bin Said, walitumia matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba. Ndiyo maana vyumba vya majengo ya aina hiyo ni vyembamba na virefu. Chokaa yenyewe ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya rundo la magogo, kisha kuizima kwa maji na kuipa muda. Ni kazi ya subira, na sishangai kwamba iliachwa, hasa baada ya kiwanda cha Wazo kuanza kuzalisha saruji mwaka 1966. Fundi kijana aliyefundishwa saruji peke yake simlaumu.

Sheria nayo inashangaza kidogo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, pamoja na marekebisho yake ya mwaka 1979, inayalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1863, wakati mji wa Majid ulikuwa ndiyo kwanza unaanza. Mengine hulindwa pale tu Waziri anapoyatangaza. Lakini sheria hiyo hiyo inailinda milango ya mbao iliyochongwa kabla ya mwaka 1940. Basi inawezekana mlango ukawa na ulinzi wa serikali, na ukuta unaoushikilia ukabanduliwa na kupigwa saruji bila mtu kuuliza. Isitoshe, nyumba nyingi za Uhindini zilitaifishwa mwaka 1971, na mpangaji asiye na hakika ya kesho hawezi kugharimia ukarabati wa kitaalamu.

Ninachoomba si fedha nyingi. Kibali cha kukarabati jengo la kale kieleze wazi aina ya lipu na udongo wa kujengea utakaotumika, na pale ukuta ulipojengwa kwa chokaa, saruji isiruhusiwe. Vyuo vya ufundi virudishe somo la chokaa kwa wanafunzi wa uashi. Boma la Kale, ambalo sasa lina kituo cha urithi wa usanifu majengo, ni mahali panapofaa kwa mafunzo ya vitendo, kwa kuwa mwanafunzi ataiona kazi yenyewe ukutani. Na mwenye nyumba ambaye tayari amepiga saruji asiongeze tabaka jingine juu ya lile lililotuna: aibandue yote, auache ukuta ukauke vizuri, ndipo amwite fundi wa chokaa.

Msomaji wako,
Upanga, Dar es Salaam