Wapangaji waelekezwe pa kudai amana zao

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie tatizo linalowakera wapangaji wengi wa Nairobi na miji mingine ya Kenya, nalo ni wenye nyumba kuzuia amana, yaani pesa za dhamana alizolipa mpangaji alipoingia, baada ya mpangaji huyo kuhama. Mtu hutoa notisi, hupaka kuta rangi, hurudisha funguo, kisha huzungushwa na ajenti hadi akachoka na kuzisamehe pesa zake. Wengine hukimbilia kwa chifu au kituo cha polisi, na huko huambiwa kwamba hilo ni deni, si kosa la jinai.

Wanaouliza zaidi huelekezwa kwa jopo la kudhibiti kodi za nyumba. Jopo hilo liliundwa kwa ajili ya mnyonge, ila sheria yake inahusu tu makazi ambayo kodi yake haizidi Sh2,500 kwa mwezi, kiwango cha miongo kadhaa iliyopita ambacho leo hakitoshi kukodi hata chumba kimoja katika mitaa mingi. Wanaokodi majengo ya maduka, hoteli na mikahawa nao wana jopo lao chini ya Sura ya 301 ya Sheria za Kenya. Anayeachwa njia panda ni mpangaji wa kawaida wa makazi, anayelipa elfu nane au elfu kumi na tano.

Mpangaji huyo anapaswa kujua kwamba ipo Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi pale Milimani mwaka 2021, kisha ikafunguliwa katika miji mingine. Mahakama hiyo husikiza madai yasiyozidi Sh1,000,000, yakiwemo ya pesa ambazo mtu anazishikilia ilhali ni za mwenzake, na kwa maoni yangu amana ambayo haijarudishwa inaingia hapo moja kwa moja. Sheria inataka kesi ikamilike katika muda wa siku 60 tangu iwasilishwe, na mdai anaweza kujieleza kwa Kiswahili bila kufungwa na kanuni ngumu za ushahidi. Aende na mkataba, stakabadhi, ujumbe wa M-Pesa, nakala ya barua ya kudai pesa hizo, na picha za nyumba. Tena picha za siku ya kuingia zina uzito kuliko za siku ya kutoka, kwa sababu mwenye nyumba naye anaruhusiwa kuwasilisha madai yake ya kodi iliyosalia au ya uharibifu katika kesi iyo hiyo.

Kuna mpaka ambao ni lazima uzingatiwe. Mahakama hii haina uwezo wa kuamua mzozo kuhusu nani akalie nyumba au ardhi, kwa hivyo aliyefungiwa mlango au anayetishiwa kufurushwa hana budi kwenda kwa hakimu mwenye mamlaka ya kusikiza kesi za ardhi, au kwa Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Lakini ikiwa mwenye nyumba amebeba kitanda na runinga yako bila kumtumia dalali mwenye leseni, dai la kurudishiwa vitu hivyo linaweza kusikizwa katika Mahakama ya Madai Madogo, kwani sheria yake inataja mali inayohamishika.

Naiomba Idara ya Mahakama ibandike maelezo haya, kwa Kiswahili chepesi, katika ofisi za machifu na vituo vya Huduma, ambako wapangaji hufika kwanza wanapodhulumiwa, na iwafunze makarani wa mahakama kumwambia mtu waziwazi dai lake linastahili kupelekwa wapi kabla hajalipa ada. Bunge nalo kiwango cha Sh2,500 likipandishe, maana kadiri kinavyobaki hapo ndivyo jopo lile linavyokosa wapangaji wa kulinda.

Mpangaji,
Nairobi