Filamu zinafundisha imani kuliko mimbari

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nichangie mjadala kuhusu filamu na imani ya Kikristo. Tangu filamu ya Living in Bondage ilipotoka Nigeria mwaka 1992, filamu za huko zimeingia majumbani mwetu, nyingine zikiwa na tafsiri ya Kiswahili. Nyingi hufuata njia moja: utajiri hutoka kwa mganga, ugonjwa kwa ndugu mwenye wivu, kisha mchungaji anakemea na mambo yananyooka.

Nafundisha darasa la kipaimara. Nilipouliza kwa nini Ayubu wa kwenye Biblia aliteseka, kijana mmoja alijibu bila kusita kwamba alirogwa na jamaa zake, na wenzake wakakubali. Jibu hilo limenihuzunisha kuliko picha za utupu zinazokemewa kila Jumapili. Picha chafu mtoto anajua ni chafu, lakini filamu inayolitaja jina la Yesu kila mara huipokea kama fundisho. Katika Yohana 9 wanafunzi wa Yesu walitafuta mkosaji wa upofu wa mtu aliyezaliwa kipofu, na Yesu akakataa kumlaumu yeye wala wazazi wake. Kutafuta mkosaji hivyo kuna madhara: hapa kwetu Tanzania vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi.

Sipendekezi filamu zipigwe marufuku. Walimu wa kipaimara watazame filamu moja na darasa kila mwezi, waisimamishe pale mchungaji anapomtaja mchawi, wafungue Biblia na kuuliza: hili limeandikwa wapi? Wazazi nao waalikwe, maana runinga iko sebuleni kwao.

Mwalimu wa kipaimara,
Moshi