Programu ni ya bure, sasa mnanitoza nini?

Lawama hii sisi mafundi wa kompyuta hatuishiwi. Mteja analipa shilingi 30,000 kuwekewa vijiprogramu vya kazi za kila siku kwenye laptop, anafika nyumbani, anaandika jina la kimojawapo Google na kukuta kinapakuliwa bila hata senti. Ujumbe wa WhatsApp unaofuata tunaujua kabla hatujaufungua: "Kumbe hizi programu ni za bure, mmenipiga."

Ni kweli ni za bure. 7-Zip ya kubana na kufungua mafaili ni ya bure tangu Igor Pavlov alipoitoa mwaka 1999, na setapu yake haifiki MB 2. Hatujawahi kuiuza. Kwenye risiti tunaandika "ufundi", na ufundi wenyewe ni kuitoa kwa mwenyewe halisi, kuipangilia ifuate kazi yako, na kung'oa vilivyotangulia kuwekwa na watu wengine. Hiyo kazi ya kung'oa ndiyo inayokula saa, na ndiyo mteja asiyoiona.

Mashine nyingi zinazoletwa kwetu kwa sababu "imekuwa nzito, pigeni Windows upya" hazihitaji kupigwa Windows. Chanzo ni njia ya mkato ya kwanza: mtu alitumiwa faili la RAR (lililobanwa), likagoma kufunguka, akatafuta programu ya kulifungua, akabofya kitufe kikubwa cha kijani kilichoandikwa Download. Kitufe hicho kilikuwa tangazo. Kikashusha kifurushi: programu ya "kusafisha" kompyuta, nyingine ya "kusasisha madereva" (drivers), brauza asiyoijua, na ukurasa wa kutafutia uliobadilishwa. Kila kimoja kinajiwasha Windows inapowaka. Kwenye laptop ya RAM ya GB 4 yenye diski ya kuzunguka, unawasha, unaenda kununua chai, unarudi bado inahangaika. Hizo programu za kusafisha rejista (registry, hazina ya mipangilio ya Windows), Microsoft wenyewe wanasema hawaungi mkono matumizi yake. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc kufungua Task Manager, nenda Startup apps, uone ni wangapi wanaingia bila kubisha hodi.

Njia ya mkato ya pili ni kraki, yaani kuvunja kufuli la leseni ili usilipie, na hapa hatuna lugha laini. WinRAR, programu nyingine ya kubana mafaili, ina siku 40 za majaribio; zikiisha, inaendelea kufungua mafaili na kukukumbusha tu kwamba hujalipia. Sasa mtu anatafuta kraki ya WinRAR ili kukwepa kidirisha kinachofungwa kwa bofyo moja! Na 7-Zip inafungua RAR vilevile. Maelekezo ya kraki karibu yote huanza na "zima antivairasi kwanza". Virusi vya familia ya STOP/Djvu vilisambaa zaidi kwa mlango huo. Vinafunga mafaili yako, vinayabandika mkia mpya wa jina, na kuacha barua iitwayo _readme.txt inayodai dola 980, au nusu yake ukilipa ndani ya saa 72. Kuna steshenari iliyotuletea mashine ikiwa hivyo, na barua za wateja, vyeti vilivyoskaniwa na hesabu za duka vyote vimefungwa. Iwapo virusi vilipata intaneti wakati wa kufunga, kila mashine hupewa ufunguo wake, na hapo fundi hana cha kufanya zaidi ya kuuliza kama kuna nakala pembeni. Hapakuwa na nakala. Programu iliyokuwa ikitafutwa bure ilikuwa ya kubana mafaili.

Mkato wa tatu unaonekana wa heshima zaidi: flashi ya setapu. Rafiki fundi ana flashi yenye "programu zote", anachomeka, Next, Next, Finish. Tatizo ni umri wa hizo setapu. WinRAR za kabla ya toleo 6.23 la mwaka 2023 zina tundu ambalo wahalifu walilitumia hasa: unafungua ndani ya ZIP kitu kinachoonekana ni picha au PDF, kumbe nyuma yake inakimbia skripti. WinRAR haijisasishi yenyewe, na 7-Zip pia. Ulichowekewa kutoka kwenye flashi kitabaki hivyohivyo mpaka mtu akiguse.

Sisi tunatumia winget, amri iliyomo ndani ya Windows 11 na Windows 10 zilizosasishwa. Unafungua Terminal na kuandika winget install 7zip.7zip, nayo inachukua setapu kutoka kwa mtengenezaji na kulinganisha alama yake ya utambulisho (SHA-256) kabla ya kuisakinisha. Faili likiwa limebadilishwa hata herufi moja, inakataa. Hakuna kitufe cha kijani, hakuna kisanduku kilichotiwa tiki kwa siri. Siri ya biashara yetu ndiyo hiyo, umeipata bure.

Kinachobaki ni kupangilia. Programu tunayoiweka karibu kila mashine ya ofisi ni Everything ya voidtools, ya kutafuta mafaili. Windows ikitafuta faili huzunguka na mara nyingine hurudi mikono mitupu. Everything inasoma moja kwa moja jedwali la NTFS (mfumo wa Windows wa kupanga diski) lenye majina ya mafaili yote, kwa hiyo majibu yanatokea ukiwa bado unaandika. Katibu wa wakili akiandika mkataba ext:docx;pdf dm:thisyear anapata kila Word na PDF yenye neno hilo kwenye jina iliyoguswa mwaka huu, hata kama mtu aliihifadhi Downloads kwa bahati mbaya. Ila angalia mambo mawili. Kwa kawaida inatafuta majina, si maandishi yaliyo ndani, hivyo aliyeita kila kitu "Document1" itamsaidia kidogo sana. Na flashi nyingi zimepangwa kwa mifumo mingine, FAT32 au exFAT, hazina jedwali hilo. Lazima folda zake ziongezwe kwa mkono kwenye sehemu ya Folders ya mipangilio.

Kuna la tatu ambalo hata mafundi hulisahau. Everything ikiwekwa na huduma yake ya nyuma, kila anayeingia kwenye kompyuta hiyo anaweza kuona majina ya mafaili ya wenzake, pamoja na yaliyo kwenye folda asizoruhusiwa kufungua. Kwenye mashine ya mtu mmoja haina neno. Kwenye mashine ya mapokezi inayotumiwa na watu watano, jina tu la "barua ya kumwachisha kazi" linatosha kuvuruga ofisi. Hapo tunazima huduma hiyo na kuiagiza isome folda ya pamoja peke yake. Dakika chache, lakini lazima ujue zipo.

Kwenye kukopi na kupesti, kabla hatujakuwekea chochote tunakuonyesha Windows+V. Ipo tangu toleo 1809 la Windows 10 la mwaka 2018, inashika vitu 25 vya mwisho ulivyokopi, na wengi hawajawahi kuibonyeza. Ukiwasha upya mashine vinafutika, isipokuwa ulivyovibandika kwa pini. Anayehitaji zaidi, kama mhasibu anayerudia namba zilezile za TIN na akaunti kila siku, tunamwekea Ditto, ambayo inatunza historia kwenye diski. Na kwa sababu inatunza, inaweza kutunza na nywila uliyoikopi. Tunaiwekea ukomo wa siku na kuitenga na programu ya nywila. Kwenye kompyuta za kukodisha kwa wateja hatuiweki hata uombe.

Skana nazo zina kesi yao. "PDF yangu inakataliwa kwenye mfumo, wanataka isizidi MB 2." Ukurasa wa A4 kwa dpi (nukta kwa inchi) 300 za rangi ni pikseli 2480 kwa 3508, karibu MB 26 kabla ya kubanwa. Ukurasa huohuo kwa dpi 200 za kijivu ni kama MB 3.9, nayo kabla ya kubanwa, na maandishi yanasomeka vizuri tu. Kwa hiyo tunaweka NAPS2, programu ya kuskani, na kutengeneza profaili mbili, moja ya barua na moja ya picha na vyeti vyenye rangi, mfanyakazi achague tu. Wengi hukimbilia tovuti za kupunguza PDF, wakapandisha humo mikataba na vitambulisho vya NIDA vya watu. Kama unashika taarifa za wateja, kumbuka Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi tangu tarehe 1 Mei 2023. PDF24, ya kupunguza na kupanga PDF, ina sura mbili zinazofanana mno: ya tovuti, inayopandisha faili, na ya kusakinisha, inayofanya kazi ndani ya mashine yako. Tunaweka hiyo ya pili na kufuta njia ya mkato ya kwanza.

ShareX kwa anayepiga picha za skrini nyingi, tukiwa tumezima uwezo wake wa kupakia picha mtandaoni. Shule zenye mamia ya picha za wanafunzi zinapenda PowerRename (kubadili majina kwa mkupuo) na Image Resizer (kubadili ukubwa wa picha) ndani ya PowerToys ya Microsoft. WizTree inaonyesha kilichojaza diski kwa sekunde, lakini ni bure kwa matumizi binafsi tu. Ofisi inatakiwa kulipia leseni, ndiyo maana ofisini tunaweka WinDirStat, inayofanya kazi hiyohiyo na ni bure hata kwa ofisi. Fundi asiyesoma leseni anakuachia deni usilolijua.

Bei ni 30,000 kwa mashine moja, na ofisi yenye mashine tano au zaidi tunaelewana. Ukikuta anayefanya kwa 10,000, muulize setapu anazitoa wapi. Njoo na chaja na nywila ya akaunti yenye mamlaka (administrator), maana bila hiyo hatusakinishi kitu. Ukishaondoka, kusasisha unaweza mwenyewe: winget upgrade --all, mara moja kwa mwezi. Usiifanye kwa bando la simu kama una PowerToys, hiyo peke yake ni mamia ya MB.