Mhariri, sato wetu wanakufa kwa bakteria gani hasa?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua maana kuna kitu kinanikera kila nikisoma habari za samaki kufa kwenye vizimba huku Ziwa Victoria. Inawekwa picha ya sato wameelea matumbo juu, afisa anahojiwa, anasema oksijeni ilipungua au "ni bakteria", basi habari imeisha hiyo. Bakteria gani? Hakuna anayeuliza. Oksijeni sikatai, maji yakichafuka usiku unaweza kuamka huna kitu, lakini wakifa wachache leo, kesho wakaongezeka, na ikaenda hivyo wiki kadhaa, hapo kuna ugonjwa.

Sisi tunaoshinda kwenye vizimba dalili tunaziona. Kuna sato anatoka macho hadi unaona yatadondoka, anazunguka zunguka juu ya maji hajui anakoenda, huyo mara nyingi ni streptokokasi. Mwingine ana baka jeupe mgongoni na matamvua yameoza, hasa siku chache baada ya kuwachambua na kuwahamisha, huyo mshuku flavobakteria. Sasa nenda dukani ueleze, wote wawili wanapewa antibayotiki moja, oksitetrasaiklini, changanya na chakula, yaani ni kama ile zamani kila homa ilikuwa malaria. Na samaki akiumwa huwa hali chakula, kwa hiyo dawa inaliwa na wazima, wagonjwa wanakufa vilevile, na bakteria wanaobaki wanazidi kuizoea dawa. Mimi mwenyewe nilishapeleka sampuli maabara moja (siitaji), majibu yakarudi yameandikwa "bakteria wameonekana". Asanteni sana.

Tena hata ukijua ni streptokokasi bado hujamaliza. Huyu Streptococcus agalactiae anayeua sato ana koo nyingi, vinasaba vinatofautiana, na wataalamu wanampanga kwa makundi kufuatana na ganda la sukari linalomzunguka. Kwa samaki yanayosumbua zaidi ni Ia, Ib na III. Kinga ya samaki inalitambua lile ganda, kwa hiyo ukimchanja sato kwa chanjo ya Ib halafu kizimbani kwako kuna Ia, usishangae hela imeenda na samaki wameenda.

Wenzetu wa Ghana yamewakuta kwenye Ziwa Volta, nao wanafuga perege, jamii moja na sato, kwa vizimba kama sisi. Samaki walikufa sana, wakapimwa vinasaba ikaonekana ni kundi Ib, ukoo unaitwa ST261, ambao ulishajulikana kwa kuua perege wa kufugwa huko Asia. Halafu 2018 kikagundulika na kirusi, ISKNV, na kirusi hata umwage ndoo nzima ya antibayotiki hakisikii. Fikiria mfugaji pale anaendelea kununua dawa ya bakteria kwa sababu mwaka juzi ilisaidia kidogo.

Hao flavobakteria nao wana yao. Mtaalamu mmoja wa samaki, Davis, alieleza ule ugonjwa wa mabaka huko Marekani mwaka 1922, na kwa miaka mingi bakteria wake wamehesabiwa ni spishi moja, Flavobacterium columnare. Mwaka 2022 vinasaba vikasomwa vizuri wakagawanywa spishi nne, na mmoja wao amepewa jina oreochromis, ambalo ndilo jina la jenasi ya sato. Yaani tuna wa kwetu kabisa na bado tunamuita "fangasi"!

Naandika sasa kwa sababu vizimba vinaongezeka kwa kasi, kuna ile mikopo ya serikali ya vizimba na boti iliyozinduliwa Mwanza Januari 2024, na kila kizimba kinataka vifaranga. Vifaranga wanasafiri na mifuko ya oksijeni kutoka mkoa hadi mkoa, na samaki anaweza kuonekana mzima kumbe kabeba ukoo mpya wa bakteria. Ziwa ni moja, Kenya na Uganda wapo humo humo, maji hayana geti. Ninachoomba ni watu wa TAFIRI (taasisi ya utafiti wa uvuvi), SUA (chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine) na wizara wakija kuchukua sampuli wafike na mgonjwa ambaye bado anahema, sio aliyeelea tangu jana kavimba, huyo utakuta bakteria wa kuoza tu. Bakteria waoteshwe, wapimwe kundi na ukoo, wapimwe dawa gani inawaua, wahifadhiwe ili mwaka kesho walinganishwe na wapya, na majibu yarudi kwa mfugaji kwa Kiswahili, sio kwenye ripoti ya semina.

Na kabla wateja hawajaanza kuogopa, sato wa kukaanga au wa kuchemsha vizuri kula bila wasiwasi. Singapore mwaka 2015 watu zaidi ya 100 waliugua kutokana na ukoo mwingine wa huyu huyu streptokokasi, ST283, lakini wale walihusishwa na kula samaki wa maji baridi wabichi. Sisi kwetu nani anakula sato mbichi.

Kwa hiyo mwandishi wako akija tena ziwani kupiga picha za mizoga, naomba amuulize afisa maswali matatu: ni bakteria gani, kundi lipi, na majibu ya sampuli za mara iliyopita yako wapi. Hata akijibiwa "hatujui", aliandike hivyo hivyo.

Mfugaji wa vizimba,
Ilemela, Mwanza