Barua ya wazi kwa Spika wa Bunge la Kaunti ya Uasin Gishu: Hati ya jiji na sahihi zetu

Mheshimiwa Spika,

Tangu Agosti 15, 2024, Rais William Ruto alipoikabidhi Eldoret, mji mkuu wa kaunti yetu, hati ya kuupandisha kuwa jiji, tumesikia mengi kuhusu barabara, wawekezaji na bei ya ploti. Sijasikia kiongozi akimweleza mpiga kura wa mitaa yetu ya Langas au Kapsoya hati ile inagusa vipi haki yake ya kuwasilisha ombi. Nakuandikia wewe kwa sababu maombi ya wananchi kwa Bunge la Kaunti hupita mezani pako.

Haki yenyewe haina utata. Kifungu cha 37 cha Katiba kinaitambua, na sehemu ya 15 ya Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inamruhusu mtu yeyote, hata akiwa peke yake, kuliomba Bunge lako litunge, lirekebishe au lifute sheria. Kigingi kiko sehemu ya 90. Wananchi wakitaka uamuzi wa mipango au uwekezaji upelekwe kwenye kura ya maoni, ombi lao sharti litiwe sahihi na asilimia 25 ya wapiga kura waliosajiliwa pale kura hiyo itakapofanyika.

Pale ni wapi? Mwaka 2022 kaunti nzima ilikuwa na wapiga kura zaidi ya 500,000, na robo yao ni zaidi ya 125,000. Jambo likiwa la jiji pekee, hesabu inafuata mpaka wa jiji. Basi anayechora mpaka ndiye anayeamua sahihi ngapi zitatosha, awe amekusudia au hakukusudia. Na mama anayeishi hatua chache nje ya mpaka huo, anayeuza sukuma wiki mjini kila siku na kulipa ushuru wa soko, hahesabiwi kabisa.

Sasa linganisha. Wananchi wakitaka kurekebisha Katiba ya nchi, Kifungu cha 257 kinadai sahihi milioni moja. Wapiga kura waliosajiliwa mwaka 2022 walikuwa 22,120,458, kwa hiyo milioni moja haifiki hata asilimia tano. Kwa hesabu hiyo, Katiba inaguswa kwa urahisi kuliko mpango wa kuhamisha stendi ya matatu! Tena hata robo hiyo ikipatikana, sheria inasema serikali ya kaunti inaweza kuandaa kura. Hailazimishwi.

Haya yangekuwa madogo kama tungekuwa na mtu wa kumuuliza siku ya uchaguzi. Lakini enzi ya mameya na madiwani ilikwisha. Jiji linaendeshwa na bodi na meneja ambao majina yao hayamo kwenye karatasi ya kura. Sheria ya Miji na Majiji ya 2011 inatupa mabaraza ya wakazi, ambako tunatoa mapendekezo, na mapendekezo mtu hupokea akitaka. Ombi lenye sahihi ndilo lenye uzito kidogo. Na hilo nalo, kama ni la mtaro ulioziba mtaani Huruma, linapelekwa kwa bodi, kwa gavana au kwako?

Waliotutangulia katika mambo haya wamekwama vibaya. Mwaka 2023, wakazi wa Atlanta, Marekani, walitaka kura ya maoni kuhusu kituo cha mafunzo ya polisi. Walihitaji sahihi kama 58,000. Walipeleka masanduku ambayo wenyewe walisema yana 116,000. Afisi ya karani wa jiji ilikataa kuanza kuzihakiki, kwa hoja kwamba kesi kuhusu muda wa kukusanya sahihi ilikuwa bado kwenye rufaa. Kesi hiyo ilianzishwa na majirani wa kituo chenyewe. Kituo kiko nje ya mpaka wa Atlanta, na wao walipinga kanuni ya jiji iliyotaka anayekusanya sahihi awe mkazi wa jiji. Kura haikupigwa. Kituo kilifunguliwa Aprili 2025.

Naomba Bunge lako lilete mswada wa maombi ya wakazi wa jiji kabla hatujafika huko. Useme ni nani anayepokea, na apige muhuri papo hapo kwenye nakala ya mwananchi. Useme uhakiki unaanza siku ngapi baada ya kupokea, kesi iwepo isiwepo. Anayeguswa na mradi aruhusiwe kukusanya sahihi hata akiwa ng'ambo ya mpaka. Kiwango cha asilimia 25 kiko kwenye sheria ya taifa, najua hamna uwezo wa kukigusa. Hapo naomba mwandikie Seneti rasmi. Na fomu iwe kwa Kiswahili pia, ukurasa mmoja, mtu aweze kuichapisha kwa saiba bila kumlipa wakili.

Kikao cha kukusanya maoni kuhusu mswada huo kifanyike Langas siku ya Jumapili alasiri, si hotelini Jumanne asubuhi watu wakiwa kazini.

Wako mwaminifu,
Mpiga kura, Langas

Nakala: Karani wa Bunge la Kaunti, Bodi ya Jiji la Eldoret