Ukibadilisha sproketi, jua kwanza spidi inasomwa wapi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niwaeleze wenzangu wenye pikipiki jambo lililonisumbua kwa miezi mitatu.

Mimi ni bwana shamba, nafanyia kazi Soni, wilayani Lushoto. Anayeijua milima ya Usambara anajua kazi ya kupanda na mtu nyuma na mfuko wa mbegu juu ya tangi. Pikipiki yangu ni ya Kijapani, cc 250, niliinunua ikiwa imetumika, na mlimani ilikuwa inachoka. Fundi akanishauri nitoe sproketi (gurudumu la meno linaloshika mnyororo) ya nyuma ya meno 42 nifunge ya meno 45, ya mbele ibaki na meno yake 15. Kwa hilo namshukuru, mlima sasa naupanda vizuri. Lakini nilipomuuliza kama spidi itasomeka sawasawa, alisema haihusiki, eti pikipiki zote husoma kwenye gurudumu la mbele.

Njia yangu ya kuzungukia wakulima, kwenda na kurudi, siku zote ilisoma kilomita 56. Ikaanza kusoma 60. Na kilomita hizo ndizo ninazojaza kwenye daftari la kazi ili nirudishiwe fedha za mafuta. Miezi mitatu nimejaza kilomita ambazo sikuzitembea, na sahihi yangu ipo chini. Hilo liliniuma kuliko yote. Nilimfuata mhasibu nikamweleza, tukazikata.

Kumbe kwenye pikipiki yangu sensa, yaani kifaa kinachosoma mwendo, imekaa kwenye giaboksi, inahesabu mizunguko ya shafti inayobeba sproketi ya mbele. Ukiongeza meno nyuma, shafti inazunguka mara nyingi zaidi kwa umbali uleule. Gawanya 45 kwa 42 utaona: kwa kila kilomita 100 za kweli, dashibodi inaandika 107.

Vijana wa bodaboda waliposikia habari yangu wakaogopa kugusa sproketi zao. Ndugu zangu, inua gurudumu la mbele ulizungushe kwa mkono. Mshale wa spidi ukitikisika, na ukauona ule waya mweusi unaoshuka kando ya shokapu hadi kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, basi spidi yako inatoka mbele na sproketi haiidhuru. Pikipiki nyingi za abiria ziko hivyo.

Mimi niliagiza Dar es Salaam kikasha kidogo cha kielektroniki kinachounganishwa kwenye waya wa sensa, unakipa asilimia nacho kinapunguza. Hapo nikakosea tena. Nilishuka Mombo kwenye barabara ya tambarare, simu ikipima kwa GPS: dashibodi 60, simu 53. Nikapunguza asilimia 12 ili vilingane. Spidi ikalingana kweli, lakini njia yangu ya kilomita 56 ikasoma 53! Sababu ni kwamba watengenezaji huuacha mshale usome juu kidogo ya mwendo halisi, maana kanuni za kimataifa zinakataza usome chini yake, ila hesabu ya kilomita hawaiongezi hivyo. Kinachotakiwa ni kurudisha meno tu: 42 gawanya kwa 45, yaani kupunguza asilimia 6.7. Sasa njia inasoma 56, na mshale ukiwa 60 simu inasema 57. Nimeuacha hivyo.

Wa kuhofiwa ni yule mwenye sensa ya giaboksi anayetaka mbio, akatoa sproketi ya mbele ya meno 14 akafunga ya 15. Yake itasoma pungufu. Tochi ya trafiki itamkamata akiapa kwamba hakuzidisha 50, na mbaya zaidi, ataingia kwenye kona za huku kwetu akidhani anakwenda taratibu.

Nawaomba mafundi wamwandikie mteja kwenye risiti meno yaliyotoka na meno yaliyoingia. Yangu nimeyaandika kwa rangi nyeupe ndani ya kifuniko cha betri: 15 kwa 45.

Bwana shamba,
Soni, Lushoto